Mpira wa Mdomo Mpana

Kila nikisikia maji yakichuruzika kwenye ndoo, mwanangu, hunirudia Jumamosi ile niliyomfokea mzee asiyeweza kusema. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, nina nguvu, nina mdomo, na nilijiona naijua kazi kuliko mwenye kazi. Hebu weka simu chini nikusimulie. Hizo picha za vifaa vya kusafishia tangi la samaki nimeziona zote, hata ile yenye mota na taa za bluu nimeiona, na jibu nitakupa. Lakini nikikupa jibu tupu utalisahau kabla hujafika stendi.

Najua una haraka. Tangi limeshafika saluni kwako, wateja wanasukwa huku wanatazama samaki, na wewe unataka bibi yako anyooshe kidole kwenye picha moja, uagize, uondoke zako. Sawa, nimesikia. Chai ipo kwenye chupa, jimiminie, na mkate uko chini ya kawa. Mimi siharakishwi na simu.

Nilitoka kwetu kule Kiomboi nikaja hapa Singida mjini kutafuta kazi, nikaipata kwenye mashine ya kukamua alizeti nyuma ya soko. Mwenye mashine alikuwa Mzee Lalji, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa, ana duka mbele na mashine uani. Mtu mfupi, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha mwisho. Wakulima wakileta magunia ya alizeti alikuwa anabishana nao kwa Kinyaturu mpaka wanacheka wenyewe. Mimi Mnyiramba naachwa nje ya mazungumzo, Mhindi yuko ndani. Hebu fikiria!

Kazi yangu ilikuwa kuvuta mafuta. Wewe umezaliwa unayakuta mafuta kwenye chupa, kwa hiyo nikueleze. Mafuta yakitoka kwenye mashine yanakuwa mazito, yamejaa chembe za maganda na unga unga. Yanamiminwa kwenye pipa yakae siku tatu, ule uchafu ushuke chini, ndiyo mashapo hayo. Halafu mtu anachukua mpira mwembamba, anauzamisha juu juu, anavuta kwa mdomo mara moja, na mafuta yanashuka yenyewe kwenye dumu, safi, yanang'aa. Ukizamisha mpira mpaka chini umeharibu. Mashapo yanaamka, pipa zima linachafuka, na unasubiri siku tatu nyingine.

Mzee Lalji alinifundisha mwenyewe. Alisimama nyuma yangu akanishika kiwiko. "Salome, vuta cha juu," aliniambia. "Cha chini usikiguse. Umesikia? Chini usiguse kabisa." Mara ya kwanza niligusa, kwa papara zangu, na hakunipigia kelele. Aliniletea kigoda akanikalisha mbele ya lile pipa mchana kutwa, nilitazame likitulia. Mgongo uliniuma, njaa iliniuma, na wenzangu walikuwa wanapita wanaguna. Lakini tangu siku hiyo nikawa fundi. Hakuna aliyevuta mafuta kwenye uwanja ule kama mimi, na nilipenda watu walijue hilo.

Sasa huyu mzee, nyumbani kwake ghorofani juu ya duka, alikuwa anafuga samaki kwenye tangi la kioo. Wafanyakazi tulikuwa tunamcheka sana. Kwanza wao hawali samaki wala nyama, dini yao na nyumba yao ndivyo ilivyokuwa. Sasa mtu asiyekula samaki anafuga samaki! Kila Jumamosi saa nane mchana anafunga hesabu zake, anapanda juu, na hashuki mpaka jioni. Tukimuuliza mkewe Mzee yuko wapi, anatuambia yuko kwa watoto wake. Mkewe tulimwita Mama Hansa, kwa jina la binti yao mmoja aliyeolewa mbali, ng'ambo huko.

Basi asubuhi moja Mzee hakushuka dukani. Kiharusi kilikuwa kimempiga. Alilazwa wiki kadhaa, akarudi nyumbani upande wote wa kulia umelala, na sauti imekwenda. Akili ilikuwa nzima, ukimtazama machoni unaiona, lakini mdomo ulitoa mkoromo tu. Mama Hansa aliagiza kitanda chake cha mbao kiletwe sebuleni, kiwekwe kulielekea tangi, kwa sababu kitu pekee kilichomtuliza kilikuwa wale samaki. Walikuwa watano, wekundu wa machungwa, na mmoja mkubwa mwenye mkia uliochanika alikuwa mzee kuliko wote. Huyo ndiye Mzee Lalji aliyemfuata kwa macho kutoka kona hii ya tangi hadi kona ile, siku nzima.

Nilipanda kumwona. Nikapiga goti, "Shikamoo Mzee." Akainua vidole viwili vya mkono wa kushoto, taratibu, vikatetemeka, vikashuka. Mama Hansa akaniambia, "Hiyo ndiyo marahaba yake siku hizi." Nililia kwenye ngazi wakati nashuka, na sikuona aibu.

Wiki zikapita, maji ya tangi yakaanza kuwa ya kijani. Mwenye kuyasafisha ndiye huyo kalala. Mama Hansa akaniita. "Salome, mimi viumbe hivi naviogopa, kimoja kikiruka nitazimia. Wewe mpira unaujua. Njoo Jumamosi unisaidie, Mzee asitazame maji machafu."

Weee, nilivimba kichwa! Fundi wa mpira ameitwa juu. Nilikwenda stoo nikakata mpira mwembamba mpya. Ule wa mafuta niliuacha kwenye mapipa, akili hiyo angalau nilikuwa nayo, maana mafuta kidogo tu yangetanda juu ya maji. Ndoo alinipa Mama Hansa mwenyewe, ya bluu, akaniapia kwamba haitakuja kuingia jikoni kwake wala kutiwa sabuni ya nguo. Kwake vyombo vilikuwa na mipaka yake. Mimi nilidhani ni maringo ya jikoni tu, kumbe bila kujua alikuwa amewaokoa samaki na sabuni.

Nyuma ya tangi, kwenye msumari, kulikuwa na kitu kinaning'inia. Ni bomba la plastiki, unaona ndani, pana kiasi cha kifundo cha mkono wako, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi kiganja, na ncha yake ya pili imeungwa na mpira. Nilikigeuza geuza. Nikasema hii ni faneli ya Kihindi. Na kweli nikaitumia kama faneli: nikawa namimina maji mapya kwenye ule mdomo mpana, yanashuka kwa mpira polepole bila kushtua samaki. Nikajisifu moyoni kwa ubunifu wangu.

Na kuyatoa maji machafu je? Nilifanya nilivyofundishwa. Nikazamisha mpira wangu mwembamba juu juu, nikavuta maji ya juu, chini sikugusa kabisa. Changarawe zilizotandazwa chini ya tangi hazikutikisika hata moja. Nikafuta kioo kwa kitambaa, nikajazia maji safi, tangi likang'aa mpaka ukadhani samaki wanaelea hewani. Nikageuka kumtazama Mzee Lalji.

Alikuwa anagonga ubavu wa kitanda kwa vifundo vya vidole. Ko, ko, ko.

"Amefurahi!" Mama Hansa alisema. "Anakupigia makofi."

"Asante Mzee!" nikamwambia. "Umeona kazi, eeh?"

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi, nami nikainama kidogo kama mtu anayeshangiliwa jukwaani. Mwanangu, huwa nikifika hapa natamani ardhi ipasuke.

Kila Jumamosi ikawa hivyo. Navuta maji ya juu, napiga kioo kitambaa, Mzee anagonga, nami nasema asante. Baadaye akaanza na kidole: anakielekeza chini, anakielekeza chini. Tukamshushia mto, akatikisa kichwa. Nikamletea ndala zake, akafumba macho. Siku moja nikapiga deki sebule nzima na nikatambaa mpaka chini ya kitanda na tambara, nikidhani ameona uchafu sakafuni. Alivuta pumzi ndefu akageukia ukuta. Na Mama Hansa naye, kwa sababu alimwona mumewe anapenda kutazama samaki wakila, alikuwa anawamwagia chakula kwa kiganja, asubuhi na jioni. Wanakula kidogo, kingine kinashuka taratibu kwenye changarawe, na hapo hakuna mtu anayekifuata.

Samaki wakaanza kukaa juu ya maji, midomo wazi, wanahema. Nikasema ni umeme, maana ulikuwa unakatika sana na kile kimashine cha kupuliza hewa ndani ya tangi kikawa kinasimama. Jumatano moja tukamkuta mmoja amelala ubavu. Wiki iliyofuata, wa pili. Nikasema ni baridi, si unajua upepo wetu wa Singida mwezi wa saba. Nikawa nabadilisha maji mara mbili kwa wiki, navuta mpaka nusu ya tangi, na maji yakazidi kuwa meupe, na samaki wakazidi kudhoofu. Nilikuwa nachanganyikiwa. Maji ni safi! Mtu yeyote mwenye macho angeona ni safi!

Mzee Lalji akaacha kula. Mama Hansa alinivuta kwenye kibaraza, ameshika bakuli la uji lililopoa, hata halijapunguka. "Salome, tangu jana hajameza kitu," aliniambia. "Anawatazama wale tu. Hawa watatu wakiisha, nitamwambia atazame nini?" Alikuwa mwanamke wa kujikaza, mama yule, lakini siku hiyo kidevu kilimtetemeka. Nikaelewa kwamba sasa hatuzungumzii samaki tena.

Ndiyo ikaja Jumamosi yenyewe. Niliingia na mpira wangu na ndoo, roho iko juu. Yule mwenye mkia uliochanika alikuwa anaelea upande upande, anajinyoosha, anaanguka tena. Nikazamisha mpira juu juu nikaanza kuvuta. Na Mzee akaanza kugonga. Hakuacha. Ko, ko, ko, ko, ko. Maji yananimwagikia miguuni, nyuma yangu ko, ko, ko, na hofu yote niliyokuwa nayo ikageuka hasira, kama inavyotokea kwa watu wengi wenye hofu.

Nikageuka nikamfokea. "Mzee, basi! Tulia! Nafanya kazi yako hapa, wewe unanigongea gongea kama mtoto!"

Mkono wake ukasimama hewani. Nyumba ikawa kimya, kikabaki kile kimashine kinabubujisha hewa. Mtu aliyenishika kiwiko akanifundisha kazi, mtu aliyenikalisha mbele ya pipa mchana kutwa bila kunitusi hata neno moja, mimi nimemwita mtoto kitandani kwake. Mama Hansa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, amesikia yote. Aliniita tu, "Salome." Akaenda akaweka kikombe kwenye stuli, upande wa mkono mzima wa Mzee, akakaa kwenye kiti akatazama mikono yake.

Mzee Lalji akakichukua kile kikombe. Tukadhani sasa atakunywa, Mama Hansa akainuka nusu. Hakunywa. Alikiinamisha taratibu, akaimwaga chai juu ya shuka, kidogo kidogo, huku anakitazama.

"Jamani Mzee! Utaungua!" Mama Hansa akaruka kukishika, lakini hakukiachia. Alimwaga mpaka chai yote ya juu ikaisha. Halafu akakiinua kuelekea kwangu, nione ndani. Chini kulikuwa na majani ya chai na tangawizi iliyosagwa, tope zito jeusi, maana siku hiyo Mama Hansa alikuwa na mawazo na hakuichuja vizuri. Akakiweka kikombe kifuani. Akatia kidole ndani, kwenye lile tope. Kisha akanyoosha kidole hicho hicho kwenye tangi. Kikombe, tangi. Kikombe, tangi. Na macho yake, mwanangu, hayakuwa na hasira hata kidogo. Yalikuwa yananibembeleza.

Nilikwenda kwenye tangi, nikakunja mkono wa blauzi, nikazamisha mkono mpaka chini nikachimba changarawe kwa vidole. Likainuka wingu jeusi. Harufu iliyotoka hapo ilikuwa ya yai viza, ikanijaa puani nikakohoa. Miezi ile yote, chakula kilichooza na kinyesi cha samaki kilikuwa kimejazana pale chini, na mimi kila Jumamosi napita juu yake nimeshika mpira, nachukua maji mazuri naacha uchafu.

Kwa mafuta, kilicho kizuri kiko juu, ndicho unachokitaka. Kwa samaki, unachokitafuta ni kile cha chini, kile unachotaka kitoke. Mimi nilikuwa navuta maji kwa akili ya mafuta. Na yeye aliyeniambia chini usiguse alikuwa amelala pale miezi yote, anayaona maneno yake mwenyewe yakiwaua samaki wake, na hana mdomo wa kuyarudisha.

Nikaenda nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mzee, nisamehe," nilimwambia. "Nimekutukana, na nimekuulia samaki wako wawili. Nifundishe." Nikalia pale pale kwenye ile shuka yenye chai. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, akauacha hapo kidogo. Halafu akanigonga utosini kwa kifundo cha kidole, ko, kama anaangalia kama kuna kitu ndani. Mama Hansa akacheka huku analia, nami nikacheka. Kisha akaelekeza kidole kwenye msumari nyuma ya tangi, kwenye ile faneli yangu ya Kihindi.

Loo! Ndicho kifaa chenyewe. Nilikuwa nakishika kila wiki, nimekigeuza kichwa chini miguu juu.

Siku hiyo tulifanya kazi watu watatu. Mama Hansa alikaa kitandani kwa mumewe, anatazama mkono wake na kunitafsiria. Akigonga mara moja, zamisha. Mara mbili, inua. Tatu, acha. Ndoo niliiweka sakafuni, chini kuliko tangi. Nilitaka kuvuta kwa mdomo kama kawaida yangu, akakataa, akanionyesha kwa mkono: lipandishe bomba, lishushe, lipandishe, lishushe, ndani ya maji. Nikafanya hivyo, na maji yakaanza kushuka yenyewe. Hata kuyaonja sikuyaonja.

Nikauchomeka ule mdomo mpana ndani ya changarawe. Hapo ndipo nilipoona ujanja wake. Changarawe zinaingia kwenye bomba, zinarukaruka, zinajikuna zenyewe kwa zenyewe, na kwa sababu bomba ni pana na mvuto wake ni wa taratibu, vijiwe vizito vinarudi chini. Uchafu ni mwepesi, unapanda na maji, unakwenda na mpira mpaka ndooni. Vijiwe vikipanda juu mno unabana mpira kwa vidole, vinatulia. Ule mpira wangu mwembamba usingeweza. Ungeziba kwa kijiwe cha kwanza, au ungenyonya changarawe zote. Maji yaliyoingia ndooni yalikuwa meusi, Mama Hansa alishika pua.

Nilisafisha upande mmoja, nikakolea. Nikataka kuendelea mpaka mwisho, uchafu wote utoke siku hiyo hiyo. Mzee akagonga mara tatu. Nikasema, "Lakini Mzee, bado upande ule!" Akagonga tatu tena. Maji yalikuwa yamepungua kama robo tu. Safari hii sikubisha, nikauinua mpira. Baadaye nilikuja kuelewa: samaki dhaifu ukimbadilishia dunia yake yote kwa mchana mmoja unamshtua, na mshtuko unamuua kama uchafu ulivyokuwa unamuua. Upande ule tuliusafisha siku chache baadaye, na sehemu iliyobaki wiki iliyofuata.

Maji mapya yalikuwa yamekaa kwenye pipa kibarazani, kivulini, tangu jana yake. Nilipoleta ndoo alinizuia kwa mkono. Nikamsogezea, akatumbukiza vidole vyake ndani, akasikiliza ubaridi wake kama anavyopimwa mtoto homa. Mara ya kwanza alitikisa kichwa, nikaongeza maji ya moto kidogo. Akatumbukiza tena. Akainua vidole viwili. Marahaba. Ndipo nikamimina. Na Mama Hansa alipochukua chakula cha samaki kwa kiganja kama kawaida yake, Mzee alimshika mkono, akaukunjua, akambakishia kidogo tu, kile kinachokaa katikati ya vidole viwili.

Jioni ile alikunywa uji, bakuli zima, anamtazama yule mwenye mkia uliochanika. Sikudanganyi kwamba wote walipona. Mmoja alikufa Jumatatu, alikuwa amechoka mno. Walibaki wawili, na baada ya wiki mbili tatu walishuka kutoka juu ya maji wakaanza kuzunguka tangi lote kama zamani. Mzee Lalji naye hakupona, sauti haikurudi. Lakini kila Jumamosi saa nane nilipanda, nikamsalimia, akanijibu kwa vidole viwili, tukafanya kazi, yeye anagonga mimi navuta. Tuliendelea hivyo miaka zaidi ya mitatu. Sijawahi kufanya kazi na mtu tukasikilizana vile, hata babu yako, Mungu amrehemu, na yeye alikuwa anaongea kutwa.

Mzee Lalji alipotutoka duniani, Mama Hansa alifunga duka akamfuata binti yake. Siku ya kuagana alinipa kile kifaa, amekikausha na kukifunga kwenye kanga. Kile pale juu ya kabati. Plastiki imekuwa ya njano na mpira umekakamaa, hakifai tena kwa kazi. Kishushe ukiangalie. Angalia taratibu, kisije kikavunjika.

Sasa jibu lako, mwanangu. Katika zile picha, chagua mpira ule wenye bomba pana kama hilo, urefu wake ufike chini ya tangi lako huku mkono wako ukibaki juu ya maji. Wenye mota na taa za bluu uache, kwa tangi la saluni mikono yako inatosha, na umeme wetu unaujua. Mpira uwe mrefu wa kufika kwenye ndoo sakafuni. Ndoo iwe ya samaki peke yao, usije ukaichanganya na ya kuoshea taulo za saluni, zile dawa za nywele zitawamaliza kwa siku moja. Toa robo ya maji, usitoe yote. Safisha changarawe upande mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Maji mapya yalale kwanza kwenye pipa, ile dawa ya maji ya bomba ipungue, na kabla ya kuyamimina tia mkono. Na usinionyeshe picha ya tangi linavyong'aa. Tia kidole kwenye changarawe, kisha uniambie kimetoka nini.

Kazi uliyoisomea ni nzuri, usiidharau, mimi mafuta yalinilea. Ila ukienda kwenye kazi nyingine, uliza upya, hata kama kifaa kinafanana. Na ukiwa na hofu, mwanangu, usimfokee mtu aliye chini yako wala aliye kitandani. Nilisamehewa siku ile ile, lakini mimi mwenyewe bado nakisikia kile kimya.

Kuna jambo moja la mwisho, na usinikatize. Mimi nazeeka. Juzi nilitafuta jina la jirani yangu kwa dakika nzima nikalikosa. Inaweza kufika siku nikawa nimelala hapo kwenye kochi, maneno yamenikimbia, nikawa nagonga. Siku hiyo usiniambie asante bibi. Usinishushie mto ukaondoka. Vuta kigoda, kaa, unitazame mkono mpaka uelewe ninachotaka, hata kama una wateja kumi wanakusubiri.

Haya, inuka, saluni inakungoja. Mungu akupe mikono mipole, mwanangu. Akupe macho ya kufika chini, na akuwekee mtu wa kukugonga utosini kwa upendo pale utakapokosea, kama alivyoniwekea mimi. Samaki wako waishi mpaka wachanike mikia. Njoo nikushike kichwa kwanza. Hivyo. Nenda salama.